Soka ya Nyanza Kusini haina daftari, na lawama ina wenyewe

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeketi Rongo au mjini Homa Bay, akiwa na simu na bando la shilingi chache, anaweza leo hii kupata bila malipo rekodi ya karibu kila pasi aliyoipiga Lionel Messi katika ligi ya Uhispania: ilipigwa dakika gani, kutoka sehemu gani ya uwanja, ikamfikia nani. Kampuni ya StatsBomb ya Uingereza iliziweka wazi mtandaoni kwa ajili ya watafiti chipukizi. Mwanafunzi huyo huyo akitaka kujua ni makombora mangapi yalilenga lango katika fainali ya shule za sekondari za kaunti yake, hana pa kuuliza. Refa aliandika mabao, kadi na majina ya wafungaji. Karatasi ikaishia kwenye faili ya mwalimu wa michezo, na faili ikaishia ajuaye ni Mungu.

Hilo ndilo shauri lililo mbele yetu, na hatutalizungushia maneno. Utafiti wa wanafunzi kuhusu takwimu za michezo katika Migori na Homa Bay haujakosa vipaji, wala haujakosa mada. Umekosa data. Na data imekosekana kwa sababu waliopaswa kuiandika wameiona kuwa kazi isiyo na posho. Walaumiwa ni vyuo vikuu viwili, serikali mbili za kaunti na wasimamizi wa michezo ya shule. Wanafunzi wenyewe wasidhani watatoka kortini bila doa. Zamu yao itafika.

Kwanza tuweke wazi ni mali gani inayopotea. Eneo hili, ambalo zamani lilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, ndilo lililoipa klabu maarufu zaidi ya Kenya jina lake: Gor Mahia alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, miaka mingi kabla ya klabu kuundwa mwaka 1968. Awendo, mji wa miwa, ulilibeba taji la Ligi Kuu mwaka 2006 kupitia Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari. Agoro Sare ya Oyugis ni jina ambalo shule za mbali hulisikia kwa wasiwasi zinapopangiwa ratiba. Mara Sugar walipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2024/25, mashabiki wa Awendo walirudi kutazama soka ya daraja la juu. Na mnamo Juni 1, 2025, taifa zima lilielekeza macho Homa Bay kwa sherehe za Madaraka katika uwanja uliopewa jina la Raila Odinga. Uwanja upo, timu zipo, na watu hujaa hadi kwenye matawi ya miti.

Sasa uliza swali dogo tu kuhusu Sony Sugar. Timu ya mji mdogo wa kiwanda ilizishindaje klabu za Nairobi na Mombasa mwaka 2006? Ilicheza kwa kasi zaidi nyumbani kuliko ugenini? Ilifunga mabao mengi kwa mipira iliyosimama au kwa mashambulizi ya wazi? Wachezaji wake waliumia mara ngapi? Wazee wa Awendo watakusimulia kwa saa mbili, kila mmoja na lake, na simulizi zao ni tamu. Lakini simulizi haipimiki. Msimu wa 2019/20 timu hiyo ilifukuzwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu, miezi michache tu baada ya SportPesa kujiondoa katika udhamini wa ligi. Klabu bingwa ikaanguka mbele ya macho yetu, na hakuna tasnifu inayojulikana kwa umma iliyoandikwa jirani hapo Rongo, safari fupi ya matatu kutoka Awendo, kueleza ilianza kuanguka lini hasa: ni pale mishahara ilipochelewa, ni pale wachezaji wazuri walipohama, au ni zamani zaidi, wakati kiwanda chenyewe kilipoanza kuyumba? Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata habari ya kupotea kwenyewe haijaandikwa.

Vyuo vikuu ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa wa lawama, kwa sababu kazi yao ni kujua. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016. Mwaka huo huo, Tom Mboya kilianzishwa mjini Homa Bay kama chuo kishiriki cha Maseno, na leo kinasimama kwa miguu yake. Vyuo hivi havikujengwa ili watoto wa Nyatike na Mbita wapunguziwe nauli ya kwenda Nairobi. Vililetwa karibu na wananchi ili vichunguze mambo ya wananchi. Mhadhiri anayefundisha hesabu za uwezekano umbali wa dakika kumi kutoka uwanja wenye mechi kila wikendi, na bado akatoa mifano ya sarafu na dadu, amejinyima maabara ya bure.

Sote tunaijua tasnifu ya michezo inayopitishwa kila mwaka katika vyuo vyetu nchini. Kichwa chake huanza na mambo yanayoathiri ushiriki wa wanafunzi katika michezo, kisha jina la kaunti ndogo. Ndani yake mna hojaji yenye majibu matano, kutoka nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Wanaojibu ni watu wachache waliopatikana karibu na lango la shule. Sura ya nne ina chati za rangi, na sura ya tano inapendekeza serikali iongeze fedha. Hakuna mechi iliyotazamwa. Hakuna mchezaji aliyehesabiwa hatua zake. Mwandishi angeweza kuikamilisha kazi hiyo bila kujua mpira una umbo gani. Na msimamizi akatia sahihi, kwa sababu kurasa zimetimia na marejeo yamepangwa vizuri.

Mbaya zaidi, nyingine hazikuandikwa na wenye majina yaliyo kwenye jalada. Biashara ya kuandikiana kazi za chuo imeota mizizi nchini hadi ikatengenezewa filamu: The Shadow Scholars, ya mwaka 2024, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akiwachunguza vijana Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu kwa malipo. Tafakari hilo. Kijana ana akili ya kutosha kumtafutia shahada mtu wa Manchester ambaye hatawahi kuonana naye, lakini mfumo wetu haujamwonyesha kwamba mechi za Macalder au Kendu Bay zinastahili akili hiyo hiyo.

Zamu ya wanafunzi imefika. Hawawezi kusema hawazijui takwimu za soka. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwahoji vijana katika nchi kadhaa za Afrika na kukuta kwamba Kenya ndiyo iliyoongoza kwa kamari: asilimia 76 ya vijana waliohojiwa humu nchini walikuwa wamewahi kucheza. Tangu wakati huo mchezo wa ndege wa Aviator umeingia mifukoni, na mwishoni mwa Aprili 2025 serikali ililazimika kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Ingia hosteli yoyote Ijumaa usiku. Utamkuta kijana anayejua Bodø/Glimt ya Norway wameshinda mara ngapi nyumbani, mshambuliaji wao yuko na jeraha, na mvua inatarajiwa. Anazidisha odi kichwani bila kikokotoo. Huyo ni mchanganuzi wa michezo, wala asikudanganye mtu. Tofauti ni kwamba anamfanyia kazi mwenye kampuni ya kamari, na badala ya kulipwa, analipa.

Nambari za soka yetu zina wanaozitaka, na wengi wao hawana nia ya kuifundisha timu. Kampuni za kubashiri huweka hata mechi za Ligi Kuu ya Kenya kwenye mikeka yao. Pale ambapo fedha za kamari zipo na rekodi huru hazipo, mwizi ana uhuru wa kutembea mchana. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliohusishwa na upangaji wa matokeo katika klabu ya Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Katika ulimwengu wa takwimu kuna mbinu zinazojulikana za kutambua mechi inayokwenda kinyume na uwezo wa timu zilizoicheza. Mbinu hizo zinadai jambo moja kwanza: uwe na rekodi ya muda mrefu ya jinsi timu hizo hucheza zikiwa safi. Bila hiyo, kila shutuma hubaki uvumi wa kijiweni, na kila mwizi hubaki mtuhumiwa tu.

Tuzigeukie kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha nne, inazipa serikali za kaunti majukumu ambayo ukiyasoma kwa utaratibu utacheka au utalia. Kamari imo humo, maktaba zimo, makumbusho yamo, na michezo na viwanja vyake vimo pia. Vyote katika kifungu kimoja! Waliotunga sheria waliwapa magavana mikononi mwao ugonjwa na dawa yake kwa pamoja. Kaunti inayoweza kutoza ada duka la kamari haiwezi kudai haina mamlaka ya kuweka kabati la rekodi za mechi katika maktaba yake.

Gavana Ochilo Ayacko wa Migori aliwahi kuwa waziri wa michezo katika serikali ya Rais Kibaki. Hahitaji kufundishwa na gazeti kwamba wizara isiyo na kumbukumbu hurudia makosa. Gavana Gladys Wanga wa Homa Bay aliupokea ugeni wa Madaraka katika uwanja wa kaunti, na tulimpongeza. Lakini uwanja ni saruji na nyasi. Mwananchi ana haki ya kuuliza: tangu siku ile, umechezewa mechi ngapi, za umri gani, za wavulana ngapi na wasichana ngapi, na ni timu gani iliyoshinda? Jibu la swali hilo lilipaswa kuwa kwenye ubao mlangoni.

Migori ina mfano wake yenyewe wa kuaibika nao. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila chokaa wala saruji, zimesimama kwa karne nyingi, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wataalamu walizipima, wakazichora, wakaandika urefu wake na upana wa malango yake. Kumbe tukitaka, tunapima. Kazi ya wahenga imeandikwa. Ya wajukuu wanaocheza leo Uriri na Rangwe haina hata mstari.

Tunajua utetezi utakaoletwa. Watasema hakuna vifaa. Watasema klabu za Ulaya zina kamera juu ya paa la uwanja, fulana zenye mitambo ya setilaiti na madaktari wa hesabu waliojaa ofisi nzima. Utetezi huu tunautupilia mbali, na ushahidi wetu ni wa zamani. Machi 18, 1950, katika mji wa Swindon, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza aitwaye Charles Reep alitoa penseli na kijitabu wakati wa mapumziko, akiwa amechoshwa na mashambulizi yasiyozaa bao, akaanza kuandika kila shambulizi katika kipindi cha pili. Hakuwa na kompyuta wala kamera. Aliendelea hivyo kwa miongo, mechi zaidi ya 2,000, na mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin wakachapisha matokeo katika jarida la chama cha kifalme cha wanatakwimu. Fani yote hii ya uchanganuzi inamhesabu Reep miongoni mwa mababu zake. Penseli yake haikuwa bora kuliko zinazouzwa dukani Migori mjini.

Hata hivyo Reep alikosea, na kosa lake ndilo linalotufanya tuvisakame vyuo vikuu badala ya kumpa kila shabiki kijitabu tukaenda zetu. Aliona kwamba mabao mengi hutokana na mashambulizi ya pasi chache, tatu au pungufu. Akahitimisha kwamba timu iachane na pasi nyingi na ipige mipira mirefu mbele. Makocha walimsikiliza, na soka ya Uingereza ikaumia kwa miaka. Tatizo liko wapi? Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ina mashambulizi 1,000 kwa msimu. Kati ya hayo, 920 ni ya pasi tatu au pungufu, kwa sababu mpira hupotea haraka katika mchezo wowote. Mabao 40 yanatokana na hayo 920, na mabao 6 yanatokana na yale 80 ya pasi nyingi. Ukihesabu mabao tu, pasi chache zimeshinda kwa mbali, 40 kwa 6. Ukigawanya mabao kwa mashambulizi, pasi chache huzaa bao katika kila mashambulizi 23, na pasi nyingi katika kila 13. Uamuzi umepinduka. Watafiti Mike Hughes na Ian Franks waliuonyesha upungufu wa aina hiyo katika kazi yao ya mwaka 2005, miaka zaidi ya thelathini baada ya makala ya Reep.

Kuhesabu bila kufundishwa kugawanya kunaweza kumpotosha kocha kuliko kutohesabu kabisa. Ndiyo maana mwalimu wa michezo peke yake hatoshi, na mwanahesabu peke yake hatoshi. Wawili hao wanahitaji kuketi meza moja, na meza hiyo mahali pake ni chuoni.

Wala tusidanganyane kwamba jambo hili halijawahi kufanyika Kenya. Limefanyika, ila upande wa mbio, na mara nyingi wageni ndio walioshika kalamu. Mswidi Bengt Saltin alipeleka wakimbiaji na vipimo vyake Bonde la Ufa mwaka 1990. Mwaka 1996 John Bale na Joe Sang walichapisha kitabu kilichochora ramani ya Kenya kwa kuuliza kila wilaya inatoa wakimbiaji wangapi wa daraja la juu kwa idadi ya watu wake. Kisha mwaka 2006 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake wakatoa utafiti kuhusu wakimbiaji 404 wa Kenya: walizaliwa wapi, lugha yao ni ipi, walikwendaje shule walipokuwa wadogo. Hakukuwa na mtambo wa ajabu. Kulikuwa na maswali sahihi, subira, na kundi la kulinganisha nalo, yaani Wakenya wa kawaida wasiokuwa wanariadha. Hilo kundi la kulinganisha ndilo linalokosekana katika tasnifu nyingi tunazozilalamikia. Mtu anawahoji wachezaji kumi, anakuta tisa walikulia kijijini, anaandika kwamba kijiji huzaa wachezaji. Hajauliza ni wanafunzi wangapi wasiocheza waliokulia kijijini vilevile.

Ramani kama ile ya Bale na Sang, ya soka, ya netiboli, ya voliboli, ichorwe kwa Nyanza Kusini. Ni tarafa gani za Homa Bay zinazotoa mabeki wengi wa timu za shule za taifa? Kwa nini Kuria iwe na sifa ya mbio na jirani zake sifa ya kandanda? Ni mila, ni milima, ni mwalimu mmoja tu aliyekaa shule moja miaka ishirini? Hatujui, na uvivu wetu umekuwa ukijibu kwa niaba yetu: kwamba kabila hili lina miguu na lile lina mapafu. Majibu ya aina hiyo ni ya aibu katika kaunti yenye chuo kikuu.

Maswali mengine yako mlangoni kabisa. Mashindano ya shule huchezwa kwa siku chache zilizobanwa, timu ikicheza karibu kila siku. Je, mabao ya dakika kumi za mwisho huongezeka kadiri siku zinavyosonga? Kama yanaongezeka, vijana wanachezeshwa hadi kuchoka kupita kiasi, na daktari anapaswa kujua kabla ya mzazi. Shule mwenyeji wa mashindano hushinda zaidi ya inavyostahili? Wakati wa korona Ulaya ilicheza bila mashabiki, na watafiti wakapata nafasi adimu ya kupima ni kiasi gani cha faida ya nyumbani hutoka kwa kelele na ni kiasi gani hutoka kwa refa anayezisikia kelele hizo. Sisi tuna viwanja ambamo shabiki husimama hatua mbili nyuma ya mshika kibendera. Pa kupimia pazuri zaidi ya hapo patafutwe wapi?

Kuna suala la umri, ambalo kila mwaka huleta rufaa na ugomvi katika michezo ya shule. Katikati ya miaka ya 1980, Roger Barnsley na wenzake nchini Canada walionyesha kwamba wachezaji bora wa magongo ya barafu walikuwa wamezaliwa kwa wingi katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Sababu ilikuwa tarehe ya kukata umri: mtoto wa Januari huwa mkubwa kwa karibu mwaka mzima kuliko mwenzake wa Desemba katika kundi lilelile, basi makocha humwona yeye ndiye mwenye kipaji. Mwanafunzi mmoja akichukua miezi ya kuzaliwa ya vikosi vya shule za Homa Bay, bila majina, anaweza kutuambia mambo mawili kwa pigo moja: kama tunawaacha watoto wadogo wenye vipaji, na kama tarehe zilizoandikwa zina harufu ya kutungwa. Vikosi vya kweli vina mpangilio wake wa miezi. Tarehe za kubuni huwa na tabia nyingine.

Na wasichana? Kama rekodi za wavulana ni chache, za wasichana ni chache maradufu. Netiboli hupata mstari mmoja, ikiwa gazeti lina nafasi, nasi tunalikiri hilo kama sehemu ya kosa la taaluma yetu. Ni msichana yupi anayeendelea kucheza mwaka mmoja baada ya kumaliza shule, na ni nini kilichomzuia mwenzake? Swali hili halihitaji programu ya kompyuta. Linahitaji orodha ya kikosi cha mwaka jana na simu.

Kwenye simu hiyo, lakini, tuna onyo, na tunalitoa kwa ukali uleule. Wachezaji wa shule ni watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 kamishna wa data aliipiga shule moja ya Uthiru faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sheria hiyo hiyo inaufungulia mlango utafiti wa takwimu, mradi matokeo yasimtambulishe mhusika. Leseni ya utafiti ya NACOSTI nayo ni ya lazima. Mhadhiri atakayewatuma wanafunzi wake uwanjani na kamera za simu bila karatasi hizi atakuwa ameiua fani kabla haijazaliwa, na hatutamtetea. Wala hatutaki kuona daftari la mechi za watoto likiuzwa kwa mwenye duka la kamari. Anayefanya hivyo apelekwe polisi, asipelekwe kamati ya nidhamu.

Muda nao umekwisha kutushika shati. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na mmoja wa mikondo mitatu waliyopewa kuchagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wengi bado wanaudharau mkondo huo, wakidhani ni wa watoto walioshindwa na hesabu. Walimu watakaoufundisha watatoa mifano kutoka wapi? Kutoka vitabu vinavyoeleza soka ya watu wengine, kama ilivyo desturi, isipokuwa vyuo vya hapa vianze kuwapa za kwao. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wachanganuzi wa kila timu watakuja na kompyuta zao, watatupima sisi na hali yetu ya hewa, na kuondoka na takwimu.

Uamuzi wetu ni huu. Idara za hesabu, habari na elimu katika Rongo na Tom Mboya zisipokee tena mradi wa michezo usio na mechi iliyotazamwa na kuhesabiwa na mwanafunzi mwenyewe. Kila mechi ihesabiwe na watu wawili wasioonyeshana karatasi, kisha makaratasi yalinganishwe. Wasipokubaliana, mradi urudishwe. Wasimamizi wa michezo ya shule wapeleke nakala ya karatasi ya refa kwenye maktaba ya kaunti katika muda wa wiki moja, nayo maktaba iziweke wazi zikiwa zimeondolewa majina ya watoto. Kaunti zilipie uchapaji wa fomu na nauli, zikikata kutoka ada zinazokusanya kwenye maduka ya kamari. Kiasi hicho hakifiki gharama ya hema na viti vya hafla moja ya kukabidhi jezi.

Muhula wa pili ndio wa kandanda, voliboli na netiboli. Maeneobunge ya kaunti hizi mbili ni 16, manane Migori na manane Homa Bay. Wahesabuji wawili kwa kila eneo ni wanafunzi 32, idadi isiyojaza hata nusu ya ukumbi mmoja wa mihadhara. Makamu wakuu wa vyuo hivi wana muda wa kutosha kuwateua, na kabla ya kipenga cha mechi ya kwanza tutawapigia simu kuuliza walioteuliwa ni akina nani.